Ramadhani 4: Sheikh Abdallah Saleh Farsy na fungu la mjane



Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wa Igoma na wote mnaotufuata kwenye chaneli hii, natumai daku ilikaa vizuri na funga ya leo inakwenda salama.

Usiku wa kuamkia leo tulikuwa juzuu ya 4 kwenye tarawehe, na ndani yake tukaingia Suratun Nisaa. Katika dakika zile chache zilipita hesabu kubwa za mirathi: fungu la binti, fungu la mama, fungu la mjane. Ikapita aya inayokataza wanawake kurithiwa kwa nguvu. Ikapita na ile inayomkataza mume kumnyang'anya mke mahari aliyompa, hata kama alimpa rundo la mali. Zikapita zote, tukatoa salamu, tukavaa ndala zetu tukaenda kulala. Nani alizisikia? Nani alizielewa?

Mnajua mwaka huu kila siku tunamzungumzia mtu mmoja aliyetangulia mbele ya haki. Leo ni Sheikh Abdallah Saleh Farsy, Allah amrehemu. Nimemchagua kwa ajili ya juzuu hii, na pia kwa sababu nina deni langu mwenyewe linalomhusu. Hilo nitalisema mwishoni, msome mpaka chini.

Sheikh Farsy alizaliwa Zanzibar mwaka 1912, wakati wa Sultani na Waingereza. Unguja ya siku zile ilikuwa imejaa wanavyuoni. Wakubwa wao wawili, Sayyid Ahmad bin Sumait aliyekuwa kadhi, na Sheikh Abdallah Bakathir, wote walifariki mwaka 1925, Farsy akiwa mtoto wa miaka 13 hivi. Elimu yao aliipata kupitia kwa watoto wao na wanafunzi wao: alisoma kwa Sayyid Umar bin Ahmad bin Sumait, akasoma kwa Sheikh Abubakar bin Abdallah Bakathir, na kwa wengine. Chuoni alikuwa hodari, na skuli ya serikali akaenda vilevile. Kwa hiyo alikua na miguu miwili: mmoja kwenye kitabu cha Kiarabu, mwingine kwenye ubao na chaki.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ualimu. Kuanzia miaka ya 1930 alifundisha shule za serikali Zanzibar, akaendelea na kazi ya elimu kwa zaidi ya miaka 20. Mimi niliyepita chuo cha ualimu, jambo hili nalipenda sana kwake. Mwalimu wa shule anajua kitu ambacho msomi wa peke yake anaweza kukisahau: kama mwanafunzi hakuelewa, hujafundisha. Unaweza kusoma kwa sauti nzuri, ukamaliza kitabu chote, lakini kama aliyekaa mbele yako ametoka mtupu, kazi bado.

Na hapo ndipo palipokuwa na tatizo la Waislamu wa Afrika Mashariki. Watu walisoma Kurani, walihitimu, walifanyiwa hitima, lakini maana ilikuwa kwa wachache. Mtu akitaka kujua dini inasemaje kuhusu ndoa yake au talaka yake, ilibidi amfuate anayejua Kiarabu. Sasa mfikirie mwanamke. Darsa za msikitini kwa kawaida zilikuwa za wanaume. Anayejua ni sheikh, na sheikh mara nyingi ni rafiki wa mume au jirani wa shemeji. Haki yake imeandikwa ndani ya Kitabu cha Allah, Kitabu kipo juu ya kabati lake nyumbani, anakifuta vumbi kila Ijumaa, na hajui kwamba yeye mwenyewe ametajwa mle.

Farsy hakuwa wa kwanza kuliona hilo. Mombasa alikuwepo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Huyu mwanzoni mwa miaka ya 1930 alitoa magazeti yake, Sahifa na kisha Al-Islah, akiwaamsha watu kwa Kiswahili. Sheikh Al-Amin alianza na kazi ya kufasiri Kurani kwa Kiswahili, lakini alifariki mwaka 1947 kabla hajaimaliza. Tafsiri nzima zilizokuwa zimechapwa zilikuwa ya padri wa Kianglikana, Godfrey Dale, ya mwaka 1923, na ya Waahmadiyya ya mwaka 1953. Masheikh wetu hawakuridhika na yoyote kati ya hizo. Lakini kutoridhika peke yake hakumsomeshi mtu. Lazima mmoja akae chini aandike.

Farsy alikaa chini akaandika. Ilimchukua miaka mingi, na ilipofika 1969 tafsiri yake nzima, Qurani Takatifu, ikachapwa Nairobi na Islamic Foundation. Ina Kiarabu, ina Kiswahili chake, na ina maelezo yake. Kiswahili chenyewe ni kile cha Unguja, cha mtu anayezungumza na wewe barazani. Pale msikitini kwetu nakala ipo, rafu ya pili kushoto, jalada limeshikwa na gundi. Wapo masheikh waliokuwa na maneno naye, kwa tafsiri hii na hasa kwa misimamo yake juu ya mambo aliyoyaita bidaa, na mjadala ule wengine mnaujua. Leo hatuuingii. Tunachotaka ni hiki: kuanzia hapo, mwanamke anayejua kusoma Kiswahili, awe Lamu, Ujiji au Igoma, aliweza kufungua Nisaa aya ya 11 na ya 12 akajisomea fungu lake bila kumuomba ruhusa mtu.

Aliandika vitabu vingine vingi, vingi vidogo, vya bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Maisha ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Maisha ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki. Na kimoja ambacho kila nyumba ya Kiislamu ingefaa kuwa nacho: Ndoa, Talaka na Maamrisho Yake. Mwaka 1960 akawa kadhi wa Zanzibar. Yaani mwalimu sasa amekaa kwenye kiti cha hukumu, na mambo aliyokuwa akiyafundisha yanamjia yakiwa na sura za watu.

Kiti cha kadhi, jamani, si cha mchezo. Mbele ya kadhi anakuja mke ambaye mume ametoroka, hatumi hata senti. Anakuja mwanamke aliyetamkiwa talaka kisha mume anakana. Anakuja mjane na watoto, na kaka za marehemu wamekaa upande wa pili. Na kadhi wa Kishafi ana vifaa vyake vya kazi. Ipo talaka, inayotamkwa na mume. Ipo khului, mke anayeshindwa kuendelea na ndoa anajitoa kwa kurudisha mahari au kitu walichokubaliana. Na ipo faskhi, kadhi mwenyewe anaivunja ndoa pale ambapo, kwa mfano, mume ameshindwa kabisa kumlisha mkewe. Wanawake wengi huku kwetu wanaijua hiyo ya kwanza tu. Wanadhani mlango wa kutoka una funguo moja, na funguo iko mfukoni mwa mume.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 mambo ya Zanzibar yalibadilika, na mwaka 1967 Sheikh Farsy akahamia Kenya. Mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akipokea kutoka kwa Sheikh Muhammad Kasim Mazrui. Kiti hicho alikishika kwa zaidi ya miaka 10. Kenya mahakama za kadhi zimo ndani ya katiba tangu uhuru, na kazi yake ni hizi hizi habari: ndoa, talaka, mirathi, kwa Waislamu. Watafiti waliokaa kwenye mahakama hizo za pwani katika miaka ya 1980 walikuta kwamba wengi wa wanaofungua mashauri ni wanawake, na mara nyingi wanashinda. Watu wengi wakisikia hivyo wanashangaa, kwa sababu wamezoea kuambiwa kwamba sheria ya Kiislamu ni ya wanaume. Inakuwa ya wanaume pale ambapo wanaoijua ni wanaume peke yao.

Mwisho wa maisha yake alikwenda Oman, na akafariki Muscat mwaka 1982. Hakuacha jumba la kusifiwa. Aliacha vitabu, na wanafunzi kila upande wa Afrika Mashariki. Hiyo ndiyo elimu inayonufaisha ambayo Mtume wetu ametufundisha kwamba haikatiki mtu anapokufa.

Sasa turudi Igoma.

Niwafanyie hesabu moja ya ubaoni, kwa sababu najua kuna watu wanasoma hapa hawajawahi kuiona ikifanywa. Tuseme mwanamume amefariki, ameacha mke mmoja, mama yake mzazi, watoto wa kiume wawili na binti mmoja. Baba yake alishatangulia. Kwanza gharama za mazishi zinatoka. Pili madeni yanalipwa, na mahari ambayo mke hakumaliziwa ni deni kama deni lingine, halifutwi na kifo. Tatu wasia, kama upo, usizidi theluthi na usiwe kwa mrithi. Tuseme baada ya hayo yote imebaki shilingi milioni 24.

Mke, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, anapata thumni, moja ya nane: milioni 3.
Mama anapata sudusi, moja ya sita: milioni 4.
Imebaki milioni 17 ya watoto, mafungu matano, kila mvulana mawili na binti moja. Fungu moja ni milioni 3 na laki 4. Kwa hiyo kila mvulana milioni 6 na laki 8, binti milioni 3 na laki 4.

Jumlisheni wenyewe, ni 24. Na kama marehemu hakuacha mtoto yeyote, fungu la mke linapanda kuwa robo.

Angalieni nani hayumo kwenye hesabu hii. Kaka wa marehemu hayumo. Wapo watoto wa kiume, yeye hana kitu. Anaweza kuwa msimamizi wa mirathi, akaaminiwa, lakini msimamizi ni mtumishi, si mrithi.

Najua swali linalokuja, maana kila nikifundisha hili linaulizwa na mabinti: kwa nini binti apate nusu ya kaka yake? Majibu ya wanavyuoni ni kwamba kaka ana mzigo: mahari ni juu yake, kulisha nyumba ni juu yake, na kumtazama dada asiye na mtu ni juu yake. Cha binti ni chake, hata mumewe hana haki ya kukigusa bila ridhaa yake. Na si kila mahali mwanamke ni nusu: hapo kwenye hesabu yetu, kama baba wa marehemu angekuwa hai, yeye na mama kila mmoja angepata sudusi, sawasawa. Lakini mimi nina swali la kuwarudishia kina kaka. Ninyi mnaoikumbuka aya ya mafungu mawili, ule mzigo mnaubeba? Kwa sababu nimeona watu wanachukua mafungu yao mawili, wanachukua na lile moja la dada, na mzigo hawabebi.

Hapa kwetu kando ya ziwa tuna mila zetu. Nyumba ni ya ukoo, shamba ni la ukoo, mwanamke ni mgeni. Mjane anaambiwa achague: arithiwe na shemeji, au afungashe. Mila nyingine ni nzuri na tunazipenda, lakini hii inagongana uso kwa uso na aya ya 19 ya Nisaa, ile ile tuliyoisoma jana usiku.

Na sasa deni langu.

Miaka yangu ya mwanzo ya uimamu, si kwenye msikiti huu, nilialikwa kwenye kikao cha familia baada ya arobaini. Marehemu alikuwa mvuvi. Aliacha nyumba ya vyumba vitatu, mtumbwi na injini yake. Mjane alikaa kwenye mkeka pembeni, bado yumo edani, maana eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi. Kaka mkubwa wa marehemu akasema nyumba ni ya ukoo, mtumbwi atauendesha yeye, na shemeji aamue kama anabaki na mdogo wa marehemu au anarudi kwao na vyombo vyake. Halafu wakanigeukia niombe dua ya kufunga kikao.

Nikaomba. Aya ile nilikuwa nimeihifadhi tangu nina miaka 12. Ilikuwa kifuani mwangu, herufi kwa herufi, na mdomo wangu haukuitoa. Niliwaogopa wazee, na niliona pia aibu kuharibu shughuli ya watu waliokwisha kunipakulia pilau.

Kama mwezi hivi baadaye, binti wa marehemu alinifuata msikitini. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari. Ameshika Kurani ya Sheikh Farsy, ameiazima kwa jirani, na kidole kiko katikati ya ukurasa. Akaniamkia kwa adabu, akauliza kama maneno yale ni ya Kurani kweli au ni maoni ya aliyefasiri. Nikamwambia ni ya Kurani. Akauliza tena, kama ndivyo, ustadhi mbona siku ile uliomba dua?

Sikuwa na jibu mpaka leo.

Nilichofanya ni kwenda nao Mahakama ya Mwanzo, nikasimama shahidi kwamba marehemu aliishi na kufa Mwislamu na mirathi yake igawanywe kwa sharia. Ilichukua muda mrefu, safari nyingi, na baadhi ya wazee wale hawajanisalimia tena. Nyumba ilirudi kwa wenyewe. Mtumbwi ulikuwa umeshauzwa, na hela yake haikuonekana. Kama ningesema siku ya kikao, mtumbwi ungekuwepo. Hilo ni langu, nitaulizwa nalo.

Kwa hiyo mnaona, elimu ya Kiarabu niliyokuwa nayo mimi haikumsaidia mama yule hata kidogo. Kilichomsaidia ni mzee mmoja wa Unguja, ambaye wakati huo alikuwa kaburini Muscat, aliyeona ni lazima maneno ya Allah yamfikie mtoto wa kike kwa lugha anayoielewa.

Kabla ya futari, nawaomba mambo machache.

Mama zangu na dada zangu: leo, au kesho ikishindikana, fungueni Nisaa aya ya 7, 11, 12 na 19 kwa Kiswahili. Asiyejua kusoma amwambie mtoto amsomee. Tunzeni cheti cha ndoa na ya mahari mahali mnapopajua wenyewe. Ndoa ikifika pabaya, tangu sheria ya ndoa ya 1971 huku bara shauri la talaka linapitia baraza la usuluhishi kwanza, na BAKWATA wana mabaraza hayo. Mahakama nayo ina uwezo wa kugawa mali mliyochuma pamoja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kuyajua haya si kuwa mkorofi.

Wazee wangu na kina baba: huku bara hatuna mahakama ya kadhi ya dola, kwa hiyo mirathi ya Mwislamu huanzia Mahakama ya Mwanzo, na ni juu yetu kuiambia mahakama kwamba tunataka sharia. Usiisubiri familia igombane. Kaa na wanao mwezi huu, andika una nini, unadaiwa nini, mahari ya mama yao umemaliza au bado.

Na kama kuna mtu katika jamaa yetu amekalia fungu la mjane, la dada au la yatima, bado kuna siku 26 hivi za Ramadhani. Funga na tarawehe havifuti haki ya mtu. Haki ya mtu hurudishwa kwa mwenyewe. Anayeona aibu aje kwangu baada ya Alfajiri, mlango wa ofisi uko wazi, tutafanya hesabu kimya kimya wawili tu, nitaleta kalamu.

Allah amrehemu Sheikh Abdallah Saleh Farsy na walimu wake wote, na atusamehe sisi tulionyamaza. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane Adhuhuri, na usiku tunaendelea na juzuu ya 5, bado tumo Nisaa.